Maji ya Tanki la Mwenyeji: Mhadhara kwa Vijana Wanaokwenda Kujitolea Visiwani

Mbukwenyi! Mliokaa nyuma sogeeni, kipaza sauti hiki hakifiki mbali.

Maswali mengi mliyoleta ni ya lugha, posho na upweke. Upweke tutaugusa mwishoni, ila siku ya mgeni kisiwani inapangwa na maji, tuanzie hapo. Tuchukue Kiribati, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Visiwa ni 33, karibu vyote vya matumbawe, na ardhi imeinuka mita chache tu juu ya bahari. Mto hakuna.

Chini ya mchanga kuna maji baridi ya mvua yanayoelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi zaidi. Tabaka hilo ni jembamba. Ukifunga pampu yenye nguvu ukavuta kwa pupa, chumvi inapanda kutoka chini na kisima kinaharibika, pengine kwa miezi. Achotaye huko huchota kidogokidogo, juujuu. Nanyi wa Bahi na Chamwino, hapa Dodoma, mnaijua ladha ya kisima chenye chumvi: kuchemsha hakuiondoi, tena kunaikoleza, maana maji yanapungua na chumvi inabaki. Klorini nayo inaua vijidudu tu. Basi kisima ni cha kuoga na kufua, na cha kunywa ni maji ya mvua.

Shikeni hesabu hii. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita 40 za mraba likipata milimita 10 ni lita 400. Toa asilimia 20 ya yanayomwagika, una lita 320. Nyumba nyingi za vijijini huko zimeezekwa kwa makuti na majani ya mkadi, ambayo hayakingi maji safi, kwa hiyo bati la shule au la kanisa linaweza kutegemewa na watu wengi. Maji ya mwanzo yaachwe yaende zake, yameosha kinyesi cha ndege. Mdomo wa tanki ufungwe wavu. Wavu ukichanika, mbu wa dengi anataga humo, naye anauma mchana, hivyo chandarua cha usiku hakitoshi. Kiribati haina malaria, na ndiyo maana mtu wa kwetu hubweteka.

Sasa simtanki la lita 5,000 limejaa. Familia ni ya watu wanane, kila mmoja lita 5 za kunywa na kupikia kwa siku: lita 40, tanki linakwenda siku 125. Anaingia mgeni mmoja. Anasuuza vyombo koki ikiwa wazi, anaosha nywele kwa maji ya tanki, anamaliza lita 20. Jumla ni lita 60, na tanki linakauka baada ya siku 83. Mtu mmoja amekula wiki sita za maji ya wenyeji wake, na kwa heshima yao huenda asiambiwe neno. Miaka ya La Niña, yaani maji ya Pasifiki ya kati yanapopoa kuliko kawaida, mvua ya huko inaweza kukata kwa miezi, hapo hizo wiki sita ndizo zinazotafutwa. Kwa hiyo siku ya kwanza tafuta dumu lako na kata yako, pima kila asubuhi, na usifungue koki ya tanki kwa jambo ambalo kisima kinaliweza.

Chakula ni samaki, wali, nazi, shelisheli na magimbi. Hatari iko kwa samaki wakubwa wa miambani: sumu ya viumbe vidogo vya baharini hujikusanya mwilini mwao. Haina harufu wala ladha, na kukaanga au kutia chumvi hakuiondoi. Aliyekula hutapika, huharisha, midomo humfa ganzi, na kitu cha baridi akikigusa humuunguza. Waulize wavuvi upande upi wa mwamba haufai, na usile kichwa, ini wala mayai yake. Ukijikata na tumbawe, sugua kidonda kwa sabuni na maji safi mpaka chembe zote zitoke, hata kama kinauma. Zikibaki, kinatunga usaha.

Kwenye maneaba, jumba la mikutano, subiri uonyeshwe pa kukaa. Kunja miguu, usiwanyooshee watu nyayo, na ukipita mbele yao inama. Kuna pia desturi ya bubuti: mtu akikuomba kitu chako, kumkatalia ni aibu. Tochi unayoipenda beba mbili, na vifaa vya kazi viandikishwe mapema kuwa ni vya mradi.

Upweke? Tarawa, makao makuu ya Kiribati, inatutangulia kwa saa tisa. Mama akipiga simu Dodoma saa tatu asubuhi, kwako ni saa kumi na mbili jioni, umeshatoka kazini. Pangeni saa hiyo.

Nje kuna bati, gata na ndoo. Gata linainamia tanki sentimita moja kwa kila mita. Twendeni tukafunge.