Gauni la Chiti Chini ya Micheri

Shikamooni wakubwa zangu, na vijana hamjambo. Nimeombwa nieleze nilivyoshona gauni la mtindo wa miaka ya 1780 wa Uingereza na kwenda kulipigia picha kwenye maua ya micheri, yaani miti ya cheri, kule Washington. Picha zenyewe mmeshaziona pale ukutani. Nianze na ile ambayo sikuitundika.

Nimesimama chini ya mti, na mtu haonekani. Kitambaa cheupe chenye maua ya rangi ya waridi, juu yangu maua yale yale, na jua la saa sita mchana: nimebaki kichwa na mikono miwili. Miezi mitatu ya kushona, na nimetokea kama pazia.

Mtaniuliza kwa nini chiti, hiki kitambaa cha pamba chenye maua ya kuchapwa. Neno hili bibi zetu walilijua. Asili yake Kihindi, na Waingereza nao wakalichukua huko huko wakalifanya chintz. Chiti cha India kilipoingia Ulaya, wafumaji wa kule waliona riziki yao inakwenda. Ufaransa ilikipiga marufuku mwaka 1686, na marufuku ikadumu hadi 1759. London, mwaka 1719, wafumaji waliwavamia wanawake barabarani wakawachania magauni mwilini. Basi vazi hili mnaloliona la upole, maua matupu, limeshapiganiwa. Mimi hilo ndilo lililonivuta.

Sasa sindano. Gauni la namna hii linaanzia ndani. Kwanza shumizi ya kitani, kisha kizibao kigumu chenye vijiti, kisha kijimto cha kufunga nyuma ya kiuno, halafu magagulo, ndipo gauni. Mimi kwa haraka zangu nilipima bitana nikiwa na fulana! Nilipokuja kuvaa kizibao, kifua kikapanda, mgongo ukanyooka, na gauni likagoma kufunga mbele, limepungua vidole vinne. Nikafumua lote. Safari ya pili nilivaa kila kitu cha ndani, shoga yangu akanibandikia bitana mwilini kwa pini, kipande kwa kipande, ndipo tukalaza chiti juu yake na kukunja marinda ya mgongoni: yanabanwa membamba mpaka kiunoni, kisha yanaachiwa yamwagike yawe sketi. Marinda hayo nimeyashona kwa mkono, uzi nimeupitisha kwenye nta ya nyuki usijisokote. Mishono mirefu ya sketi nilipiga cherehani. Atakayeinama kuichungulia, lawama ni zake. Mbele hakuna kifungo wala zipu, ni pini tu, kama walivyofunga wao. Ukipiga chafya utajua.

Halafu micheri haimngoji fundi. Ile ya Washington ni zawadi kutoka Tokyo. Miti 2,000 ya mwanzo ilifika 1910 ina wadudu, ikachomwa moto. Mwaka 1912 ikaja mingine 3,020. (Najua, najua: gauni langu ni la zamani kuliko miti, na hata jiji lenyewe halikuwapo.) Wenye bustani husema maua yamefika kileleni asilimia 70 ya maua ya Yoshino, aina mojawapo ya micheri hiyo, yakishafunguka. Baada ya hapo mvua moja yenye upepo inayamaliza.

Kwa hiyo nilirudi kesho yake alfajiri, wingu limetanda, nimebadilisha gagulo la juu nikavaa la buluu iliyokoza, gauni nimelipandisha nyuma kwa kamba ili buluu ionekane. Shoga yangu akachuchumaa, maana micheri inachanua juu na ukipiga ukiwa umesimama unapata sketi na majani ya chini. Nilisogea hatua kumi mbele ya mti, yeye akavuta kwa lenzi ndefu, maua yakawa kama moshi nyuma yangu. Na kamera ikiona weupe mwingi hutia picha kijivu, basi tukaiongezea mwanga kidogo.

Ile kubwa ya katikati ndiyo hiyo. Mkiitazama kifuani, upande wa kushoto, kuna pini imechomoza. Nimeiacha. Haya, maswali.