Wachache ni nani? Mazungumzo na wanaojiandaa kwenda kusoma Ulaya

Asanteni. Habari za baridi na makoti mtazipata kwa wenzangu waliotangulia. Mimi naomba tuzungumze neno moja tu: wachache.

Nilifika Malmö, kusini mwa Sweden, Januari 2016, kwa muhula mmoja wa masomo ya uhamiaji. Mwaka uliokuwa umeisha, watu wapatao 163,000 waliomba hifadhi nchini humo. Basi nikaingia darasani nikijua kabisa wachache ni akina nani. Ni wale wa Rosengård, mtaa wa maghorofa ya miaka ya 1960 na 1970, wenye Wairaki, Wabosnia na Wasomali. (Wapenzi wa mpira, huko ndiko alikokulia Zlatan.)

Kumbe sivyo. Wachache wanaotambuliwa na Bunge la Sweden tangu 1999 ni makundi matano: Wasami, Wafini wa Sweden, watu wa bonde la Torne, Waroma (si watu wa jiji la Roma) na Wayahudi. Wasami ni wenyeji wa kaskazini tangu kale, na hao wengine nao wana karne kadhaa katika nchi hiyo. Mwiraki wa Rosengård hayumo, hata akiwa na wajukuu pale. Kinachotazamwa si wingi wala uchache wa vichwa, ni umri wa mizizi.

Nikanyoosha mkono: Wasami ni wangapi? Mwalimu akatabasamu. Takwimu za serikali huandika nchi uliyozaliwa, kabila hawaulizi. Kisha akanigeuzia kibao: "Na wewe, kabila lako ni asilimia ngapi ya Watanzania?" Nikafungua mdomo, nikaufunga. Sensa yetu ya mwisho kuuliza kabila ni ya 1967! Nauli yote ile, nimekwenda kushangaa kitu nilichokiacha nyumbani.

Na mimi mwenyewe je? Anayekwenda kukaa chini ya mwaka mmoja haandikishwi kwenye daftari la wakazi, wala hapewi namba ya utambulisho ya mkazi. Kwa hiyo nilisoma uhamiaji miezi mitano katika nchi ambayo hesabu yake ya wahamiaji hainijui.

Lakini mpakani nilijulikana. Jumamosi moja tulikuwa tunarudi kutoka Copenhagen, Denmark, ng'ambo ya daraja. Tangu mwezi ule niliofika, kila abiria wa kwenda Sweden alilazimika kuonyesha kitambulisho kituo cha Kastrup, upande wa Denmark. Tukashuka kwenye treni, tukapanga foleni. Mbele yangu mzee mmoja Mswidi alijipapasa mifuko yote, hana kitu. Watu wa nchi zile wamevuka bila pasipoti tangu miaka ya 1950; aibebe ya nini? Akawekwa kando, uso umemwiva. Mimi mgeni nikapita bila neno. Tangu niwasili nilikuwa natembea na pasipoti kama hirizi.

Haya, maswali. Dada wa pale nyuma.