Dala, Kipanya, Mwendokasi: Jinsi Mji Unavyoyabatiza Magari Yake

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, mambo. Nyie mliosimama mlangoni, sogeeni ndani, nafasi ipo. Ingekuwa daladala ningewaambia nafasi ipo hata kama haipo. (Kicheko.)

Nimeombwa nizungumze kidogo kabla ya matembezi yetu ya kesho asubuhi, juu ya historia ya usafiri wa umma hapa Dar es Salaam. Muda ni mfupi, kwa hiyo nitashika kamba moja tu, nayo ni majina. Mji huu haujawahi kupanda gari bila kulibatiza. Ukiyachunguza hayo majina utakuta yanakueleza mambo ambayo huwezi kuyapata kwenye taarifa ya mwaka ya shirika lolote: abiria alitoa kiasi gani, alikaa vipi, na alimwonaje yule anayempandisha.

Tuanze na kipindi ambacho hakukuwa na jina, kwa sababu hakukuwa na gari. Kesho tutakutana mbele ya Stesheni. Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka hapo mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Reli kubwa, kazi kubwa. Lakini haikujengwa imtoe mtu nyumbani impeleke sokoni. Ilijengwa ilete mizigo bandarini. Mwingereza alipokuja akaupanga mji kwa rangi za watu: Uzunguni huku, Uhindini pale, Uswahilini kule Kariakoo, na katikati uwazi wa Mnazi Mmoja ukiachwa makusudi kuwa mpaka. Mpishi, dobi na mchukuzi wa bandarini walivuka uwazi ule kwa miguu, alfajiri na magharibi. Kesho tutauvuka na sisi. Naomba kila mmoja ahesabu hatua zake, halafu ajiulize angezipiga mara ngapi kwa wiki.

Mabasi ya kampuni yalikuja 1949, kampuni ya Dar es Salaam Motor Transport, ambayo watu waliiita DMT. Serikali ikaitaifisha mwaka 1970, na mwaka 1974 ikapasuliwa vipande viwili: KAMATA ikachukua mabasi ya mikoani, UDA ikabaki na mji. Hapa nitapita haraka, kwa sababu herufi za ofisini hazina utamu.

Utamu unaanza na kumbakumba. Namwona mzee mmoja pale anatabasamu, anajua naongelea nini. Yalikuwa mabasi ya Ikarus kutoka Hungaria, marefu, yameunganishwa katikati kwa mpira uliokunjwa kama kinanda cha mkono. Gari likikata kona, ile sahani ya chini pale katikati inazunguka chini ya miguu yako. Watoto walikuwa wanapagombania pale, wakubwa wanapakimbia. Basi likifika kituoni linakumba watu wote kwa mkupuo mmoja, ndiyo maana ya jina. Sikilizeni lile jina vizuri: halina lawama. Linasifu. Gari limekuja, limetukumba sote, hakuna aliyebaki.

Hali hiyo haikudumu. Mji ulikuwa unavimba. Sensa ya 1967 ilikuta watu wasiofika 300,000 mjini. Ile ya 1988 ilikuta mkoa una zaidi ya milioni 1.3. Wakati huohuo mafuta yalipanda bei dunia nzima, tukaingia vita vya Kagera mwaka 1978 hadi 1979, fedha za kigeni zikaadimika, na basi lililotoka ng'ambo linahitaji kipuri cha ng'ambo. Nauli nayo ilipangwa na serikali, na ilipangwa iwe chini. Sasa wewe fanya hesabu ya duka: bei ya kuuzia imefungwa, bei ya kununulia inapanda kila mwezi. Basi likiharibika linaegeshwa, lile la pembeni linanyofolewa vifaa vya kulifufua hili, mwisho yote mawili yanalala.

Watu hawakuacha kwenda kazini. Zikaja teksi bubu. Jina zuri sana hilo: bubu kwa sababu halisemi kuwa ni teksi. Halina alama, halina kibali, linapakia uchochoroni na likimwona askari linageuka gari la mjomba anayewapeleka ndugu zake msibani. Wazee wa mjini wanakumbuka pia magari yaliyoitwa thumni, kwa nauli yake ya senti hamsini.

Mwaka 1983 serikali ikakubali yaishe. Ikaruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria mjini. Nauli ilikuwa shilingi tano, na shilingi tano mtaani iliitwa dala. Konda akining'inia mlangoni anapiga kelele "dala, dala!", anamaanisha tano, tano. Kelele ya bei ikawa jina la gari, na jina likabaki baada ya bei kuondoka. Leo mtoto wa darasa la tatu anapanda daladala na hajawahi kusikia kuwa dala ilikuwa pesa. Jirani zetu Nairobi nao wamefika hapohapo kwa njia yao, kwani matatu ni zile senti kumi kumi tatu za nauli ya zamani. Miji miwili, serikali mbili zenye siasa tofauti kabisa, na abiria wa pande zote akaliita gari kwa kile kilichotoka mfukoni mwake. Mimi naona hilo si bahati nasibu. Mtu anaita kitu kwa pale panapomgusa.

Baada ya pesa, mwili. Magari ya kwanza mengi yalikuwa pikapu zilizofungwa mabenchi nyuma. Unakaa magoti yanagusana na ya mwenzako wa mbele, mnatazamana usoni kama watu waliokaa mgahawani wanakula. Watu wakayaita chai maharage. Ukiwa na mwenzio aliyekula kitunguu, safari ya Mbagala ni ndefu. Halafu zikaja Hiace, ndogo, nyepesi, zinapenya popote, zikaitwa vipanya. Hakuna aliyetoa tangazo. Asubuhi moja tu kila mtu anasema kipanya.

Sasa nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu watu wakizungumzia daladala wanaishia kumzungumzia konda. Konda mchafu, konda ana matusi, konda anabagua wanafunzi. Mimi nimesoma kwa daladala miaka yote ya sekondari na hayo matusi nayajua kwa majina. Nilikuwa nasimama kituoni na sare yangu, gari linasimama, konda ananyoosha vidole viwili: "Wanafunzi wawili tu!" Tuko ishirini. Kuna siku nilivua shati la shule nikaliweka kwenye begi nikabaki na fulana ili nionekane mtu mzima. Nikaingia. Konda akanidai nauli ya mtu mzima, sikuwa nayo, nikashushwa njiani nikamalizia kwa miguu. (Kicheko.) Cheka tu, lakini fikra iliyonijia mle njiani ndiyo imenileta hapa leo: huyu kijana hana chuki na mimi. Ana kitu kinamkimbiza.

Kitu hicho kinaitwa hesabu. Mwenye gari hamlipi dereva mshahara. Dereva ndiye anayempelekea mwenye gari fedha kila jioni. Tuseme hesabu ni shilingi 80,000. Alfajiri gari linatoka na deni la 80,000. Juu yake kuna mafuta. Juu yake kuna mpigadebe wa kila kituo kikubwa anayedai chake kwa kujaza gari. Kinachobaki baada ya hapo ndicho wanachogawana dereva na konda. Mvua ikinyesha, foleni ikishika, tairi likipasuka, hesabu haipungui.

Sasa rudi kwenye kila kitu unachokichukia, ukitazame kwa jicho hilo. Kwa nini gari haliondoki kituoni mpaka lijae? Kwa sababu kiti kitupu kinakula faida ya dereva, hakigusi ya mwenye gari. Kwa nini wakiondoka wanakimbizana? Kwa sababu aliye mbele ndiye anayeokota abiria wa kituo kinachofuata. Kwa nini wanakatisha ruti, wanakushusha nusu ya safari wanageuza? Kwa sababu ule upande mwingine ndiko watu walikojaa saa hiyo. Mwanafunzi anakaa nafasi ileile kwa nauli ndogo, na tofauti hiyo hailipwi na serikali wala mwenye gari. Inalipwa na konda. Wakichoka mchana wanamwachia gari deiwaka, kijana asiye na gari, azungushe raundi mbili naye apate cha kula. Ndani ya mfumo huo hata malaika angenyoosha vidole viwili.

Na hata hivyo, tazama ufundi wao. Kesho pale Mnazi Mmoja tutasimama dakika kumi bila kusema kitu, tutazame konda mmoja tu. Noti amezikunja kwa urefu, zimechomekwa katikati ya vidole, kila thamani na kidole chake. Sarafu ziko kwenye kiganja cha mkono mwingine. Hasemi "naomba nauli". Anazichezesha zile sarafu, chekecheke, karibu na sikio lako, na wewe mwenyewe unaingiza mkono mfukoni. Anakumbuka nani kalipa, nani anadai chenji, na nani anashuka wapi, bila tiketi wala karatasi. Akigonga bati mara mbili dereva anaondoka bila kugeuka nyuma. Na mstari wa rangi uliochorwa ubavuni mwa gari unamwambia hata bibi asiyejua kusoma kuwa hili ni la kwetu. Huo nao ni mfumo, ingawa hauna ofisi.

Tufike mwendokasi. Wakala wa mabasi yaendayo haraka, DART, ulianzishwa mwaka 2007, ujenzi wa awamu ya kwanza ukaanza 2012, na mabasi yakaanza kubeba watu Mei 2016: Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani, karibu kilomita 21, vituo 27. Daladala za Barabara ya Morogoro zikahamishiwa ruti nyingine. Yule wa Kimara aliyekuwa anaamka saa kumi alfajiri akaanza kuamka saa kumi na moja na nusu, na usidharau usingizi wa saa moja na nusu. Wageni walikuja kutoka nchi nyingi kuja kutazama, na mwaka 2018 jiji likapata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu.

Jina rasmi ni "mabasi yaendayo haraka". Refu, limevaa tai. Watu wakalikata: mwendokasi. Hili ndilo jina la kwanza katika orodha yetu ambalo halitokani na kitu abiria alichokitoa au alichokiona. Linatokana na kitu alichoahidiwa. Na ndiyo maana ni jina la kwanza linaloweza kugeuzwa kejeli. Daladala haiwezi kukuvunjia ahadi, haikuahidi chochote. Lakini ukisimama kituoni dakika arobaini, watu wamebanana mpaka kwenye mageti, halafu mtu wa pembeni yako akasema polepole, "mwendokasi…", kituo kizima kinacheka kicheko kichungu.

Mama mmoja ameinua mkono tangu muda mrefu. Karibu, mama.

(Swali: kwa nini wasiongeze mabasi tu, likaisha?)

Asante mama, umeuliza kama mtu wa kituoni, siyo wa mkutanoni. Ni kweli, njia ilijengwa kubwa kuliko mabasi. Huduma ilianza na mabasi 140. Njia ya zege haichoki haraka. Basi linachoka, hasa likibeba watu mara mbili ya waliokusudiwa kila asubuhi. Halafu kuna karakana. Waliijenga Jangwani, ndani ya bonde la Msimbazi. Mnanisikia? Panaitwa Jangwani na panafurika. Mvua kubwa ikinyesha mto unaingia karakanani, mabasi yanakaa majini, na barabara pale chini inafungwa. Basi lililolowa injini halitoki kesho yake. Kwa hiyo kuongeza ni sawa, lakini uliza pia yatalala wapi, na yatatengenezwa na fedha ya nani ikiwa nauli inapangwa mezani. Mzee wa UDA hapa anatikisa kichwa. Anaisikia hadithi yake mwenyewe.

Kuna treni pia, nisiisahau. Ile ya mjini iliyoanza Oktoba 2012, ya Stesheni na ya TAZARA, watu waliiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Jina la mtu sasa! Nadhani ni kwa sababu abiria waliiona kama fadhila ya mtu mmoja, siyo haki ya mji. Lakini hilo nawaachia mlibishane kesho njiani.

Ratiba basi. Saa moja kamili asubuhi, mbele ya Stesheni. Tunavuka Mnazi Mmoja kwa miguu, tunaingia Kariakoo hadi Gerezani, tunapanda mwendokasi tunashuka Jangwani tukaone bonde, halafu tunarudi kwa daladala, kila mtu na nauli yake. Njooni na viatu vya kutembelea, maji, na sarafu. Noti ya elfu kumi asubuhi, konda atakwambia ushuke, na mimi sitakutetea.