Kwenye Watu Wachache: Mhadhara kuhusu Kuhamia Creuse

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wa Mombasa, Bukavu, Bujumbura, Tanga, na nyote mliopanda metro na baridi hii kuja Montreuil, hapa kando ya Paris, jioni ya leo, asanteni. Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia, "Dada, watu wamechoka na kodi za nyumba za Paris. Njoo utueleze huko ulikohamia pakoje." Nimekuja kueleza. Ila naanza kwa kulikataa neno moja. Kila anayeniuliza habari za Creuse husema "huko kusiko na watu." Watu wapo. Ni wachache, na huo uchache wao ndio niliokuja kuuzungumza, kwa sababu usipouelewa utanunua nyumba, utavumilia majira mawili ya baridi, halafu utaiuza kwa hasara na kurudi hapa.

Creuse ni mkoa ulio katikati ya Ufaransa. Ukitoka stesheni ya Austerlitz hapa Paris ni karibu saa tatu kwa treni hadi La Souterraine, na kutoka hapo unahitaji gari. Eneo lake ni kilomita za mraba 5,565. Unguja na Pemba ukiziweka pamoja hazifiki nusu ya hiyo. Sasa, sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Zanzibar watu 1,889,773. Creuse nzima, pamoja na mji wake mkuu wa Guéret, ina watu kama 115,000. Mimi ni mzaliwa wa Lushoto. Kwetu ukisimama kilimani alfajiri, kila mteremko unatoa moshi wa jiko na huku jogoo wanaitikiana. Creuse unaweza kuendesha gari usiku dakika ishirini usikutane na taa yoyote isipokuwa ya gari lako.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Mwaka 1851 Creuse ilikuwa na watu wapatao 287,000. Walikwenda wapi? Wengi walikuja hapa hapa tulipo. Ardhi ya kule ni ya mawe ya matale, haikutosha kulisha watoto wote, kwa hiyo wanaume walijifunza uashi. Kila majira ya kuchipua walifunga mizigo, wakatembea kwa miguu hadi Paris, wakajenga, na baridi ilipoanza wakarudi kwa wake zao na pesa kidogo. Mmoja wao, Martin Nadaud, aliondoka kijijini na baba yake mwaka 1830 akiwa na miaka 14. Alibeba mawe na chokaa, akajisomesha, akafundisha wenzake, na mwaka 1849 akachaguliwa kuwa mbunge. Kisha reli ikaja, safari ikawa rahisi, na waashi wakaacha kurudi. Majengo mengi ya mawe mnayopita chini yake kila siku hapa Paris yalinyanyuliwa kwa mikono ya watu wa Creuse. Ninapoona nyumba kule imeanguka paa, na mti umeota katikati ya sebule, huwa nafikiri kwamba fundi wake alikufa Paris akijenga ya mwingine. Sisi tuliotuma pesa nyumbani kwa miaka tunaijua hadithi hiyo bila kufasiriwa.

Halafu vita vya 1914 hadi 1918 vikachukua waliobaki. Katika kijiji cha Gentioux kuna mnara wa kumbukumbu ambao nawaomba mkauone. Minara mingi ya Ufaransa ina askari na bendera. Huu una mtoto yatima aliyevaa vazi la shule, ameinua ngumi mbele ya orodha ya majina ya waliokufa, na chini yamechongwa maneno: "Vita na vilaaniwe." Mara ya kwanza nilisimama pale nikayasoma majina. Ukoo uleule unarudi mara mbili, mara tatu. Kwa kijiji kidogo namna ile, hao walikuwa wachunga ng'ombe wote, waoka mikate wote, wachumba wote.

Kuna jambo jingine ambalo siwezi kuzungumzia Creuse mbele ya watu wa Bahari ya Hindi nikaliruka. Kuanzia mwaka 1962 hadi 1984, serikali ya Ufaransa ilichukua watoto zaidi ya 2,000 kutoka kisiwa chake cha Réunion, kwenye Bahari ya Hindi, na kuwagawa katika maeneo ya Ufaransa bara yaliyopungukiwa na watu. Zaidi ya 200 waliletwa Creuse. Wazazi wengi hawakujua kusoma, waliweka dole gumba kwenye karatasi wakiamini mtoto anakwenda shule na atarudi likizo. Hawakurudi. Wako walioambiwa ni yatima na mama zao wangali hai. Wako waliofanyishwa kazi mashambani bila malipo. Wanaitwa hadi leo "watoto wa Creuse." Tarehe 18 Februari 2014 Bunge la Ufaransa lilipitisha azimio la kukiri kwamba dola ilikosa wajibu wake wa kimaadili kwao.

Na hao walikuwa wajukuu wa nani? Réunion ilijazwa watumwa waliotolewa Madagaska, Msumbiji na pwani yetu. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alitiliana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa huko Bahari ya Hindi. Kwa hiyo mtu mweusi anayeteremka stesheni ya Guéret leo si wa kwanza kufika. Wametangulia watoto ambao hakuna aliyewauliza kama wanataka kuja. Sisi tunachagua. Mimi nalichukulia hilo kwa uzito mkubwa, na kila nikipita Guéret nawakumbuka.

Haya, tuje kwenye maisha yenyewe.

Nilihamia mwezi wa Septemba, miti imegeuka rangi ya dhahabu, kila kitu kizuri. Nikapata kazi ya kuhudumia wazee majumbani, kwa kuwa Creuse ni miongoni mwa sehemu zenye wazee wengi zaidi Ufaransa, na kazi hiyo haikosekani. Nikanunua kuni. Muuzaji alizimwaga uani nikafurahi. Ilipofika Desemba, jiko halikuwaka vizuri, nyumba ikajaa moshi, na kuta zikawa zinatoa jasho. Jua kule mwisho wa Desemba linachomoza saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi na moja na kidogo jioni. Niliingia kazini gizani, nikatoka gizani. Nilikaa wiki mbili nalala na koti, simwambii mtu.

Siku moja akaja bibi wa shamba la ng'ombe lililo juu ya kilima, wa miaka themanini na zaidi. Akabisha hodi, akasema, "Moshi wako ni mweupe. Unachoma kuni mbichi." Alikuwa ameutazama moshi wangu kwa siku kumi na nne kutoka dirishani kwake. Akanifundisha kwamba kuni za mwaloni zinahitaji kukauka miaka miwili, kwamba unagonga vipande viwili na kusikiliza mlio, kikavu kinalia kama kengele. Jioni ile mwanawe akaleta trekta na shehena ya kuni kavu. Nilipotaka kulipa, bibi akasema nitalipa kwa kumsomea barua zake, macho yamekwisha.

Hapo ndipo nilipoielewa Creuse. Hapa Montreuil tunaishi watu mia mbili ndani ya jengo moja, na mtu anaweza kufa mlango wa tatu tusijue mpaka Ijumaa. Kule, nyumba iliyo karibu nami iko mita mia nne, na wanajua moshi wangu una rangi gani. Ukienda huko kwa nia ya kujitenga na watu umekosea mahali, mji mkubwa ndio unaomficha mtu. Penye watu wachache kila mtu anahesabiwa. Mtoto wako mmoja anaweza kuwa sababu ya darasa kubaki wazi au kufungwa, nami nimeona wazazi wakihesabu majina ya watoto mezani kama watu wanaohesabu mahari. Ukikaa kimya nyumbani, wanadhani ama unaumwa ama una dharau.

Kwa hiyo wiki ya kwanza nenda ofisi ya meya. Usisubiri kuitwa. Vijiji vile vina meya wao hata kama wakazi ni mia na hamsini, na mara nyingi meya mwenyewe ni mkulima. Jitambulishe, sema umenunua nyumba ya nani, maana nyumba kule huitwa kwa jina la aliyekaa zamani. Ukiingia duka la mkate, sema bonjour kwa sauti kabla ya neno lingine lolote. Sisi tuna hodi, wao wana bonjour, na asiyeitoa huingia kama mwizi. Kuanzia saa sita mchana hadi saa nane usimpigie mtu simu, usigonge mlango, wanakula. Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa sita kamili, utasikia king'ora kinalia kijiji kizima. Mwanangu alikimbilia chini ya meza. Ni majaribio tu. Na wazimamoto wa kule wengi ni watu wa kujitolea: fundi bomba wako, mwalimu wa mwanao. Wanahitaji watu daima. Kijana akijiunga nao, ameshakuwa mtu wa pale.

Sasa makaratasi, niyapitie haraka kwa sababu mengi mtaambiwa na notaire, yaani mwanasheria rasmi anayesimamia mauziano ya nyumba. Kununua nyumba hakukupi haki ya kuishi Ufaransa. Narudia, kwa kuwa nimekuta watu wamedanganywa: nyumba ni nyumba, kibali cha ukaazi ni kingine. Ukishatia saini mkataba wa awali, mnunuzi una siku kumi za kubadili mawazo bila kutoa sababu. Zitumie, usizilale. Kwa nyumba ya zamani tenga asilimia saba hadi nane juu ya bei kwa ada na ushuru wa mauziano. Muulize muuzaji ripoti ya tangi la majitaka. Nyumba nyingi hazijaunganishwa na bomba la umma, na kama tangi halikidhi kanuni, wewe mnunuzi una mwaka mmoja wa kulitengeneza, na gharama yake inauma. Bei zenyewe zinavutia: nyumba nyingi za zamani zinauzwa chini ya euro 1,000 kwa mita ya mraba, ilhali Paris inapita 9,000. Lakini paa la nyumba ya bei ndogo ni paa lilelile la kulipia fundi.

Leseni ya udereva iliyotolewa nyumbani inatambuliwa mwaka mmoja tu tangu uwe mkaazi. Kama nchi yako haina makubaliano na Ufaransa ya kubadilishana leseni, utarudi shule ya udereva, na bila gari huwezi kuishi kule. Daktari ni tatizo kubwa zaidi. Wengi wamestaafu, na waliobaki hawapokei wagonjwa wapya. Mwenye mtoto mwenye selimundu, au mwenye mzazi wa kisukari, apate kwanza daktari atakayempokea, aandikiwe miadi, kisha ndiyo atafute nyumba. Hili nalisema kwa moyo wote. Nimewasindikiza watu hospitali mjini Limoges usiku, barabara ina barafu, na saa moja njiani ni ndefu mno mtu anapoumwa.

Mama mmoja pale mbele ameniuliza kabla hatujaanza: aende lini kutazama? Watu wengi huenda Julai, wanaogelea ziwa la Vassivière, wanakula jibini, wanarudi na mkataba. Mama, nenda Februari. Panga chumba kijijini juma zima, si wikiendi. Amka saa moja asubuhi utembee kwa miguu hadi mahali mkate unapouzwa, uone ni mbali kiasi gani na kama kuna mtu atakayekuuliza wewe ni nani. Jioni simama nje utazame nyumba zipi zinatoa moshi. Zihesabu. Hao ndio majirani zako.

Nipo tayari kwa maswali.