Samaki, paka na moshi ambao haukufika Lamu

SALIM: Assalaam alaykum wasikilizaji, karibuni tena. Mimi Salim, niko na dadangu Mwanaisha. Mwana, leo umeingia na jambo, nakuona usoni.

MWANAISHA: Wa alaykum salaam, kaka Salim. Jana nilikuwa sokoni. Mbele yangu kuna dada mjamzito anakatiwa mapande ya jodari, muuzaji anamwambia, "Chukua hili kubwa, mtoto apate akili." Nikamtazama yule dada, nikakumbuka Kwasasi.

SALIM: Kwasasi ya Lamu? Ya makaa ya mawe?

MWANAISHA: Hiyo hiyo. Kwa msikilizaji asiyejua: ulipangwa kujengwa hapo mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, kama kilomita 20 hivi kutoka Mji wa Kale wa Lamu. Leseni ya mazingira ikatoka mwaka 2016. Na hadi leo kuna mtu atakwambia, mtambo ungekuwa bara, nyinyi mko kisiwani, moshi wawahusu nini?

SALIM: Tena bomba lenyewe lilikusudiwa kupita mita 200 kwenda juu. Mtu wa kawaida husema basi, moshi utaishia mawinguni.

MWANAISHA: Bomba refu halimalizi moshi, huupeleka mbali tu. Kwasasi iko upande wa kaskazi ya mji. Upepo wa kaskazi ukianza kuvuma, ule tunaoungojea kwa majahazi, ungekuja na gesi ya salfa. Na gesi hiyo ikiwa njiani hugeuka chembe ndogo ndogo sana, zisizofika mikromita 2.5. Unywele wako mmoja ni mnene kuzishinda kama mara 30.

SALIM: Kwa nyanya yangu tulikuwa na kibatari cha mafuta ya taa. Twasomea hapo, twalala hapo hapo. Asubuhi ukipenga kamasi, leso yatoka nyeusi tititi. Mimi nikifikiri uchafu ndio huo, umeshatoka, umekwisha.

MWANAISHA: Uliotoka ni ule mkubwa, ulionaswa puani. Mdogo ulishuka mpaka kwenye vile vifuko vya mwisho vya mapafu, na mwingine ukapenya ukaingia damuni. Ndiyo maana moshi wa makaa na wa dizeli hauleti pumu na kikohozi peke yake. Huleta kiharusi na ugonjwa wa moyo. Mzee aanguka na kiharusi, nyumba nzima yasema ni presha, ni chumvi. Huenda ni kweli, lakini hakuna aliyeuliza mzee huyo amevuta hewa gani miaka 30. Hili laniuma.

SALIM: Sasa jodari aingiaje hapa?

MWANAISHA: Aingia kwa zebaki, metali yenye sumu. Makaa ya mawe yana chembe za zebaki ndani yake, na kuyachoma ni miongoni mwa njia kubwa ambazo binadamu huirusha zebaki hewani. Ikipanda, hurudi na mvua, huangukia bahari. Vijidudu vya majini na vya kwenye matope huigeuza ikawa zebaki ya aina nyingine, inayoingia mwilini kwa urahisi na kutoka kwa shida. Kijisamaki chala kidogo. Samaki wa kadiri ala vijisamaki mia, zebaki yote yabaki kwake. Aja nguru, aja jodari, aja papa, kila mmoja abeba ya waliomtangulia. Mwisho wa foleni ni sisi na sahani ya wali.

SALIM: Na mtoto tumboni?

MWANAISHA: Hupita kondo la nyuma ikaenda kwenye ubongo unaojengwa. Kule Minamata, Japani, kiwanda cha kemikali kilimwaga zebaki ghubani. Haikuwa ya makaa, na ilikuwa nyingi mno kuliko ya moshi, lakini njia ni ile ile ya samaki. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Unajua nani walianza kuugua kabla ya watu? Paka. Walijipinda, wakazunguka kama wanaocheza, wengine wakatumbukia baharini. Na kuna mama waliojiona wazima, wakazaa watoto walioathirika ubongo.

SALIM: Subhanallah. Na Lamu ni mji wa paka. Pale gatini mvuvi hajashusha tenga, washamzunguka.

MWANAISHA: Kila nikiwaona nawaza hilo.

SALIM: Ila nikuulize kwa niaba ya kijana wa kule Hindi au Mokowe, upande wa bara wa Lamu, asiye na kazi. Mtambo ungeleta ajira na umeme.

MWANAISHA: Swali lake ni la haki, na ajira Lamu ni kilio cha kweli. Lakini makaa yenyewe yalipangwa kuja kwa meli, kutoka Afrika Kusini. Basi tuwaulize wanaokaa nayo. Jimbo la Mpumalanga kuna mji unaitwa eMalahleni, maana yake mahali pa makaa. Eneo lile pana lilikuwa na mitambo 12 ya makaa ya shirika la umeme la taifa. Wenyeji walikwenda mahakamani, na Machi 2022 Mahakama Kuu ya Pretoria ikaamua kwamba hewa ile inavunja haki yao ya kikatiba ya kuishi katika mazingira yasiyodhuru afya. Hapa Kenya umeme mwingi tayari watoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, mito na upepo wa Turkana. Tukachukue makaa ya kwao ili tupate na kesi yao?

SALIM: Na ya Lamu ikaishaje?

MWANAISHA: Wavuvi, kina mama na wazee walisimama. Tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Mazingira likafuta leseni, sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ilifanywa kabla utafiti haujakamilika, sasa mtu atoe maoni juu ya nini? Kampuni ikakata rufaa, na Oktoba 2025 mahakama ya Malindi ikaikataa.

SALIM: Yule dada wa sokoni, ulimwambia lolote?

MWANAISHA: Sikutaka kumtisha, samaki ni chakula bora kwake. Tena zebaki iliyomo kwenye jodari wa leo yatoka kwa mitambo ya mbali huko, bahari haina mpaka. Nilimwambia jodari amle mara moja moja, siku nyingine ale tafi au wale samaki wadogo waitwao simu. Tafi hula majani ya baharini, hayuko mwisho wa ile foleni. Akanitazama, akaniuliza kama mimi ni nesi. Nikamwambia la, mimi mama tu. Akarudisha pande moja, akaomba fungu la tafi.