Masters ya misingi ya elimu: tunasoma nini hasa huku Marekani?

Hamjambo familia, karibuni tena kwenye chaneli. Walimu wenzangu mmeniuliza sana: masters ya falsafa, historia na sosholojia ya elimu ni ya nini, na wewe ni mwalimu tayari? Jamani, huku hatufundishwi mbinu za darasani. Tunauliza shule ilitoka wapi, inamfaa nani, na nani aliamua mtoto wa mwenzake asome nini.

Tazameni huu mti nyuma yangu, matawi yametanda mpaka yanakaribia nyasi. Niko Hampton, Virginia. Chini ya mwaloni huu, mwaka 1861, Mary Peake aliwafundisha kusoma watu waliotoroka utumwa. Mwaka 1868 Samuel Armstrong akaanzisha shule hapa, akiamini kwamba mtu mweusi aliyetoka utumwani atajengwa na kazi za mikono. Sasa sikilizeni. Thomas Jesse Jones, aliyewahi kufundisha hapa, ndiye aliyeongoza tume ya Phelps-Stokes, ya mfuko wa hisani wa Marekani, iliyozunguka Afrika Mashariki mwaka 1924 kuchunguza elimu ya Waafrika. Tume ikapendekeza elimu ya aina hii kwetu: kilimo, ufundi, usafi wa kijijini. Mwaka 1925 ikafunguliwa Jeanes School, chuo cha kuwaandaa walimu wa vijijini kwa mtindo huo, pale Kabete, Kenya. W.E.B. Du Bois, msomi mweusi wa Marekani, alikuwa ameshampinga Jones tangu 1918, akisema elimu ya namna hiyo inamfungia mtu mweusi mlango wa chuo kikuu.

Halafu tukasoma Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, 1967. Nayo inataka shule iwe na shamba. Je, ni jembe lile lile? Darasa lilibishana mpaka muda ukaisha. Mimi nasema si lile. Mwalimu aliwataka watoto wote wa taifa walishike, na wanafunzi wenyewe wawe na sauti katika kupanga kazi za shamba lao. Jones hakuwapa watu weusi nafasi hiyo ya kuamua.

Kazi yenyewe ni kusoma, kusoma tena, na kuandika insha kila wiki. Ada ni kubwa, kwa hiyo ulizeni mapema kuhusu kazi ya usaidizi wa kufundisha au utafiti. Ndiyo inayowabeba wengi wetu. Kwenye barua ya maombi msijaze sifa tu, wekeni swali linalowakera kuhusu shule mlizofundisha. Vyuo vingi vinafunga maombi kati ya Desemba na Januari, na barua za wadhamini, yaani wanaowapendekeza, huchelewa, waombeni sasa.