Pumzi Itakudanganya, Ugoko Hautakudanganya

Wanangu, asalaam aleikum. Wazee wenzangu mliowaleta vijana wenu, ahsanteni. Sitawasomea masharti ya tangazo. Miaka, urefu, cheti, hayo mnayajua kuliko mimi. Nimekuja na neno lile lile ambalo wanaonijua hapa Malindi wamelisikia hadi basi: tangazo la kuajiri askari wa wanyamapori likishatoka, umeshachelewa kuutengeneza mwili.

Nilikuwa na kijana wa Barani, winga wa mpira, ukimwona anavyotimka unasema huyu kazi ni yake. Alikuwa na miezi mitatu, akailala. Tangazo lilipotoka akaivamia lami asubuhi na jioni, na raba zilizokwisha soli. Pumzi ikaja upesi, akafurahi. Siku ya 9 akanijia nyumbani anachechemea. Nikamkalisha chini ya mwarobaini nikamwambia, bonyeza ugoko, hapo kwa ndani. Akaweka kidole gumba, akakiondoa kama aliyegusa kaa la moto. Siku ya usaili alimaliza mzunguko mmoja na nusu, akatoka uwanjani viatu viko mkononi. Hata urefu hakupimwa.

Sikilizeni kilichompata. Moyo na mapafu huzoea mazoezi kwa majuma machache. Mifupa na kano hutaka miezi. Kwa hiyo pumzi inakwambia ongeza, nawe unaongeza, kumbe mguu bado. Ndiyo maana nasisitiza miezi mitatu, na ndiyo maana nasema mwanzo uwe kutembea.

Najua mtakalosema. "Mwalimu, usaili ni mbio, kutembea kwa nini?" Kwa sababu kazi yenyewe ni kutembea, babangu! Gari litakufikisha geti la Sala, Tsavo Mashariki, lakini mitego ya nyaya haitafutwi ukiwa umekaa kitini. Arabuko-Sokoke hapo Gede ni kilomita za mraba zipatazo 420, na kuna vichaka gari haliingizi hata pua. Ni miguu yako, begi, maji, silaha na jua. Marekani, askari wa mbuga anayetaka kuingia kazi ngumu ya kuzima moto wa porini hupimwa hivi: maili 3, mzigo wa ratili 45, dakika 45. Na kukimbia ni marufuku! Ratili 45 ni kilo 20 na ushei, yaani dumu la lita 20 likijaa maji. Mama zenu wanalijua dumu hilo. Kijana mmoja aliniambia kuteka maji ni kazi ya wanawake. Nikampa alibebe kutoka kisimani hadi barabarani, akalitua mara nne. Na nyinyi mabinti mliokaa nyuma, sogeeni mbele. Kule Amboseli mwaka 2019 wanawake 8 wa Kimaasai waliingia doria, kikosi chao wenyewe. Msimruhusu mtu awaambie hii si kazi yenu.

Anzeni na kilo 5 za mchanga ndani ya begi, muongeze kidogo kidogo kila juma. Tembeeni ufukweni maji yakiwa yamepwa, kwenye mchanga ulioshikana, si ule laini wa juu unaotegua kifundo. Baadhi ya siku tokeni jua likishapanda, maji mkiwa nayo, maana mwili hutaka siku 10 hadi 14 kulizoea joto. Ukishazoea, jasho linawahi kutoka na chumvi haipotei ovyo. Aliyefanya mazoezi ya alfajiri peke yake ataujua ukweli saa tano uwanjani.

Naona wakati unatutupa. Kuogelea: mbuga za baharini za Malindi na Watamu ziko tangu 1968, na bado nawaona watoto wa pwani wanaozama mtoni. Jifunzeni. Muguka acheni, unakata hamu ya kula na usingizi, na mwili haujengwi bila hivyo viwili. Anayekuomba hata shilingi moja ili akupitishe, mwondokee, awe mjomba wako.

Ya lishe nilikuwa nayo mengi, tutayasema njiani. Kesho alfajiri maji yatakuwa yamepwa. Nitakuwa Silversand saa kumi na mbili, tutatembea hadi nguzo ya Vasco da Gama na kurudi. Njoo na begi. Mchanga tutauchota pale pale.